Maksai Mmoja

Februari 2019 baba aliuza maksai mmoja ili mimi ninunue laptopu. Waliolelewa kwenye nyumba zinazolima kwa ng'ombe wataelewa alichokifanya. Maksai hufungwa nira wawili wawili. Ukimwondoa mmoja, aliyebaki hawezi kuvuta plau. Anakula majani na kukungoja umtafutie mwenzake. Baba alikuwa na jozi moja tu. Mashamba yetu ya Dutwa yalikuwa yameshalimwa msimu ule, kwa hiyo alisema tuna miezi tisa mpaka mvua za Novemba, na ndani ya miezi hiyo pengo litazibika, ama kwa pamba yake ama kwa kazi yangu.

Alipata 520,000. Laptopu ya mtumba nilinunua kwa 450,000, na zilizobaki zikaenda kwenye hedifoni, flashi mbili na bando. Mama hakusema kitu siku ile. Kesho yake asubuhi, akichambua nsansa, aliniuliza kama mtu anayewaza kwa sauti, "Na hiyo kazi yako, mwajiri ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mwajiri hakuwepo.

Nilimaliza chuo mwaka 2016, shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Kiingereza. Kijijini walinianza kuniita mwalimu kabla sijashika chaki, na wakaendelea kuniita hivyo miaka yote niliyokaa nikisubiri ajira zitangazwe. Kila nikirudi nyumbani kutoka mjini salamu zilikuwa zilezile: "Mwalimu, ajira zimetoka?" Nikaacha kurudi mara kwa mara. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye steshenari moja karibu na soko la Bariadi, 80,000 kwa mwezi, kuchapa barua, kutoa kopi na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Nilipanga chumba Malambo na dada mmoja muuza mitumba.

Mwishoni mwa 2018 aliingia pale dukani mtafiti aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Aliweka flashi mezani akauliza kama kuna mtu anayeweza kusikiliza Kisukuma na kukiandika, neno kwa neno, kisha akitafsiri kwa Kiingereza. Mwenye duka akaninyooshea kidole mimi.

Nilidhani ni kazi ndogo. Kisukuma nilinyonya nacho. Lakini Kisukuma ni lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania na haifundishwi shuleni, kwa hiyo tupo wengi sana tunaoisema na wachache mno waliowahi kuiandika ukurasa mzima. Rekodi zilikuwa kumi na mbili, kila moja karibu saa nzima. Kuku wanapita, mtoto analia, trekta inanguruma barabarani, na katikati ya hayo yote bibi mmoja anasema jambo la maana kwa sauti ya chini. Unarudisha nyuma, unasikiliza, unarudisha tena. Saa moja ya maongezi ilinila saa kumi za kazi, na siku za umeme kukatika sikuhesabu.

Aliponiuliza bei, nilitazama chini nikasema laki moja kwa zote. Alikubali haraka mno. Sura yake ilinionyesha palepale kwamba alikuwa amejiandaa kulipa zaidi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Nilifanya usiku baada ya duka kufungwa, kwa kompyuta ya duka na ruhusa ya mwenyewe, usiku ishirini na sita. Ukigawanya, ni chini ya shilingi elfu nne kwa usiku mmoja. Mama aliponisikia nikipiga hesabu hiyo kwa sauti alicheka, akaniambia kibarua wa kupalilia shambani kwetu mwaka ule alikuwa akipata zaidi, tena anakula mchana.

Hata hivyo yule mtafiti alilipa yote, kwa siku aliyoahidi, na akawaambia wenzake. Januari nilipigiwa simu na watu wawili. Wote waliuliza kitu kilekile: una kompyuta yako? Hiyo ndiyo habari niliyompelekea baba. Sikumwomba maksai. Nilimweleza tu, na yeye akanyamaza kwa muda, akaenda zizini, akarudi akiwa ameshaamua.

*

Mei ilipofika msimu wa pamba ukafunguliwa kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Simiyu ndiko inakotoka pamba nyingi kuliko mkoa wowote nchini, na bei ikishatangazwa husikii kitu kingine: kwenye redio, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala za kwenda Lamadi. Baba alipiga hesabu ya kilo zake na kusema maksai atarudi kabla ya Agosti. Lakini bei kwenye soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakajikuta wamekabidhi pamba yao na kubaki na stakabadhi mkononi. Baba alikunja ya kwake akaiweka ndani ya kopo la zamani la maziwa, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha steshenari. Nilikuwa nimepata kazi kubwa ya pili: rekodi kumi na nane kutoka taasisi moja iliyokuwa ikifanya utafiti vijijini, 30,000 kwa kila rekodi. Jumla 540,000. Nilipoandika namba hiyo kwenye daftari niliona maksai mzima, mkia na pembe. Tulikubaliana kwa simu. Mratibu wao alikuwa kijana mchangamfu, akiniita "dada yangu" kila baada ya sentensi mbili. Kuhusu malipo alisema, "Hilo lisikupe shida, ukimaliza tu utaona."

Niliimaliza kwa wiki sita. Kila faili nilipolikamilisha nilituma palepale, kwa sababu nilitaka waone nina bidii. La mwisho nililituma wiki ya mwisho ya Julai. Nikajibiwa, "Kazi nzuri sana dada yangu, Mungu akubariki."

Ikawa ndiyo malipo.

Wiki ya kwanza aliniambia mhasibu amesafiri. Wiki ya pili, mfumo una tatizo. Baada ya hapo ujumbe wangu ukawa unapata tiki mbili za buluu na kimya. Nilipiga kwa namba ya yule dada muuza mitumba. Akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Sikuwa na mkataba. Sikuwa na karatasi yoyote. Kazi yenyewe walikuwa nayo yote, kwa kuwa niliituma kipande kwa kipande, kwa furaha.

Nilikaa siku kumi bila kumwambia baba. Nilipomwambia alikuwa ameketi chini ya mwembe akifunga kamba ya jembe. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa, akatoa stakabadhi ya pamba na kuiweka juu ya goti langu.

"Mayu," akasema, "mimi angalau nina karatasi. Wewe una nini?"

Hakusema kwa kunicheka. Alikuwa anauliza kweli. Kisha akanieleza jinsi marehemu babu alivyokuwa akipeleka pamba kwa wanunuzi zamani, na kwamba hakuwahi kuondoa mkono wake juu ya mzigo mpaka mizani isomwe na namba iandikwe. Wenzake walimcheka kwa kung'ang'ania magunia yake. "Ukishauachia mzigo," baba akasema, "bei inakuwa ya yule mwingine."

*

Mwaka huo Nane Nane ya kitaifa ilifanyika kwetu, kwenye viwanja vya Nyakabindi. Nilikwenda Agosti nikiwa na karatasi thelathini nilizochapa mwenyewe: jina, simu, ninachofanya. Nilipita banda kwa banda, kwenye mashirika, vyuo, miradi ya kilimo na mifugo. Wengi walidhani natafuta ajira. Wakanipokea karatasi kwa huruma na kuniambia wakitangaza nafasi nitaona. Nilijifunza kuanza na sentensi nyingine. Badala ya "naomba kazi" nikasema, "Mkirekodi wazee kwa Kisukuma, nani anawaandikia?" Kwenye mabanda mawili au matatu sentensi hiyo iliwafanya watu waache kutazama simu zao.

Mmoja wao alinipigia mwishoni mwa Septemba. Rekodi kumi na nne kutoka Meatu, habari za malisho na ukame. Akauliza bei.

Usiku huo sikulala. Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba saa moja ya sauti ni saa kumi za kazi. Nikaweka juu yake bando, umeme, kodi ya chumba, siku za kusubiri kati ya kazi na kazi, na laptopu ambayo siku moja itakufa. Ikatoka shilingi 1,000 kwa kila dakika ya rekodi. Niliiandika, nikaifuta, nikaandika 600, nikaifuta. Niliwaza kwamba kilo ya pamba inatangaziwa bei na watu wenye ofisi. Dakika yangu hakuna atakayeitangazia. Asubuhi nilituma karatasi moja. Ilisema bei ni 1,000 kwa dakika. Nusu ya malipo kabla ya kuanza. Nitatuma nusu ya faili, na zilizobaki nitazikabidhi malipo yakikamilika. Ikiwa kuna marekebisho, wiki mbili. Mkono ulikuwa unatetemeka nilipobonyeza kitufe cha kutuma, nikazima simu kabisa kama mtu aliyetukana.

Nilipoiwasha walikuwa wamejibu. Walikubali, na walikuwa na maswali mawili tu: nina namba ya mlipakodi, na nitaleta ankara?

TIN niliipata bila kulipa hata senti. Ankara nilijifunza kuitengeneza kwa kuangalia moja niliyowahi kuichapia fundi wa magari pale steshenari. Malipo ya awali yalipoingia yalikuwa pungufu, nikajua nimeibiwa tena. Nilipiga simu nikiwa nimeshapandisha sauti. Yule mama wa uhasibu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza polepole kwamba ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, wanaikata na kuipeleka TRA kwa jina langu, na cheti chake nitapewa nikitunze kwa ajili ya hesabu zangu za kodi. Niliomba radhi. Mpaka leo bei yangu naipanga nikijua hiyo asilimia 5 haitapita mikononi mwangu kwanza.

Nilikimbia na habari ya advansi mpaka Dutwa. Mvua zilikuwa zinakaribia na maksai alikuwa bado peke yake. Nilimwambia baba tuongezee kidogo tununue. Akakataa.

"Umeshafanya kazi yao?"

"Bado, ndiyo naanza."

"Basi hela hiyo bado ni yao. Ukiugua kesho utawarudishia ng'ombe?"

Fedha za pamba zilikuja hatimaye, zikaishia kwenye madeni na ada ya wadogo zangu. Novemba mvua ziliponyesha, baba alimfunga maksai wake na wa jirani ambaye naye alikuwa amebaki na mmoja. Walilima kwa zamu, shamba la jirani kwanza kwa kuwa plau ilikuwa yake. Sisi tulipanda wiki tatu nyuma ya wengine. Nilikuwa nyumbani siku waliyoanza kwetu. Nilitembea nyuma ya plau nikidondosha mbegu, na kila walipogeuza mwisho wa mstari wale maksai wawili walivutana, mmoja kushoto mmoja kulia, kwa sababu hawakuwa wamezoeana. Baba hakugeuka kunitazama hata mara moja. Nadhani alifanya hivyo makusudi.

*

Kwenye rekodi ya tisa ya Meatu kuna bibi aliyekuwa akielezea ngitili. Msukuma haelezwi ngitili ni nini, lakini mteja wangu alihitaji kuelezwa, na Kiingereza hakina neno lake. Ni sehemu ya malisho mnayoifunga wakati wa mvua, majani yakiwa kila mahali, ili ifunguliwe kiangazi kikikaza. Wanaoingizwa kwanza ni ndama na maksai, kwa kuwa ndama akifa umepoteza kesho na maksai akikonda hutalima. Sehemu nyingi zilikuwa zimepotea. Mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu bado ziko mkoa wa Shinyanga, uliwasaidia watu kuzirudisha. Bibi yule aliulizwa ni nini kigumu katika kutunza ngitili. Akacheka, akasema kigumu ni kuwazuia ng'ombe wasiingie wakati bado hawana njaa sana.

Niliisikiliza sehemu hiyo mara nne, na mara mbili za mwisho hazikuwa za kazi.

Malipo ya mwisho yalipoingia Januari nilifungua akaunti ya pili ambayo haina kadi. Theluthi moja ya kila malipo niliipeleka huko. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukaingia nchini, watafiti wakaacha kusafiri, na simu yangu ikanyamaza miezi mitano. Chumba cha Malambo nililipia kutoka kwenye ile akaunti. Nilikula kutoka huko. Mara tatu nilitaka kuchukua yote nikanunue maksai, maana fedha zilikuwa zinatosha na aibu ilikuwa bado inaniuma, na mara tatu nikajizuia. Hilo lilikuwa gumu kuliko rekodi yoyote. Baba alikuwa akienda zizini kila asubuhi na mimi nilikuwa na bei ya ng'ombe benki, nikiila kidogokidogo.

Kazi zilianza kurudi Agosti. Septemba nikamnunua. Alikuwa dume mchanga, hajafundishwa, mwekundu na mwenye baka jeupe shingoni. Baba alimzunguka mara mbili, akampapasa mgongo, akauliza amelipiwa na hela gani. Nikamjibu ni ya kazi niliyoimaliza na kukabidhi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na jioni hiyohiyo akampa jina: Advansi. Wadogo zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Alihasiwa, akafundishwa nira kwa miezi miwili pembeni ya yule mzee, na msimu uliofuata tulipanda kwa wakati.

Watu wa kijijini bado wananiita mwalimu. Bado wanakuja na barua za baraza la ardhi na maombi ya kazi ya watoto wao, na wengine hushangaa nikitaja bei, "si unakaa tu kwenye kompyuta?" Barua ya bibi asiyejua kusoma naandika bure. Nyingine nazitoza. Mwanzoni kila nilipotaja bei kwa jirani niliongeza maneno mengi ya kujitetea. Siku hizi naitaja na kunyamaza, kisha namsubiri aseme lake.

Faili kumi na nane za mwaka 2019 bado ninazo. Yule kijana sijui yuko wapi, na namba yake haipatikani tena. Nimefikiria kuzifuta, lakini humo ndani kuna sauti za wazee wa vijiji vyetu, na wao hawakunidhulumu.

Kila Mei bei ya pamba ikitangazwa, baba hunipigia. Huanza na salamu, ng'ombe, afya ya mama. Halafu ananitajia bei ya kilo mwaka huu, anailalamikia kidogo, na kuuliza, "Na dakika yako, mayu, mwaka huu ni shilingi ngapi?"

Mwaka wa kwanza aliponiuliza hivyo nilisita, nikamwambia inategemea. Akanyamaza upande wa pili wa simu, muda mrefu kiasi kwamba nilidhani bando limekatika.

"Inategemea nani?" akauliza.

Siku hizi namtajia.